Sogeeni Kushoto Kidogo

Olenguruone,
3 Machi 2024

Kwako shemeji Kipyegon,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi tuko wazima, ila Kogo, mama yenu, anasumbuliwa na goti kwa sababu ya baridi. Jana hata hivyo alitembea mwenyewe mpaka pale maziwa yanapopokelewa, akarudi akigombana na kila mtu njiani, kwa hivyo najua anapona. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Chesang anasema ataitwa Nakuru kwa sababu ana kelele. Mpwa wako huyo ameanza kuwa mrefu kunishinda, na viatu vya Januari vimeshakuwa vidogo.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Kwenye simu huwa unaniambia, "Shemeji, nitakupigia baada ya dakika tano," na dakika za huko Nakuru ni ndefu sana. Tena simu yangu ni hii ya kubonyeza, haionyeshi picha, na jambo ninalotaka kusema ni la picha. Jamleck wa lori la viazi atakuletea hii mkononi. Ukimaliza kuandika jibu, mpe yeye. Huwa anapakua pale sokoni kila wiki.

Tangu tumzike ndugu yako Kimutai mwezi wa kumi na mbili, studio yake ya picha imefungwa. Watu bado wanabisha. Wengine wananiuliza, "Mama Chesang, sasa harusi zetu atapiga nani?" Nimefikiria sana, nimeona nitafungua mwenyewe. Miaka yote nilikuwa nikimshikia taa na kukata picha, na siku alizoumwa mgongo mimi ndiye niliyepiga za watoto wa ubatizo. Nimeuza ndume wawili. Ninataka kununua kamera.

Mwalimu Trizah amenitafutia habari, akasema ziko mbili zinazonifaa, zote za aina hii mpya isiyo na kioo ndani. Moja ni kubwa kidogo, ni mtumba, ina kitundu cha kuwekea jicho. Nyingine ni ndogo, ni mpya kabisa, haina kitundu, unaangalia skrini ya nyuma kama simu. Wewe ndiye mpiga picha aliyebaki katika ukoo huu. Niangalizie, zilinganishe, uniambie ni ipi.

La pili ni kamera ya Kimutai, uliyoichukua baada ya mazishi kupeleka kwa fundi. Sina haraka na kamera yenyewe. Ninachotaka ni ile memori kadi. Ile Jumapili kabla hajaenda hospitali, Chesang aliichukua kamera bila ruhusa akampiga babake picha. Alikuwa amekalia mkebe wa maziwa uliopinduliwa, ndama anamlamba sikio, na yeye anacheka mpaka macho yamefumba. Wewe unamjua ndugu yako. Alipiga watu wa tarafa nzima, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kusimama mbele. Ya kitambulisho ni ya kijana ambaye Chesang hamjui. Desemba tutafanya ukumbusho na kuweka jiwe la kaburi, na mwashi anataka picha ya kubandika. Ni hiyo moja tu.

Bado namsikia akipanga watu: "Sogeeni kushoto kidogo. Kidogo tena. Hapo hapo." Juzi nilimwambia ndama hivyo, na sijui kwa nini.

Nisalimie wote hapo kwenu,
Shemeji yako, Sally Jepkosgei


Nakuru,
20 Aprili 2024

Dear shemeji,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Mimi niko sawa, kazi tu ndiyo imenishika shingo. Nisalimie Kogo, mwambie goti alifunge na kitambaa cha sufu. Pole kwa kuchelewa, Jamleck amenipata mara mbili nikiwa mbioni. Mara ya pili alinitolea sauti sokoni mbele ya watu: "Boss, huyo mama anangoja jibu, ama nimwambie umekufa?" Huyo mtu hana heshima.

Sasa kuhusu kamera. Umeuliza vizuri. Hizi mpya wanaziita mirrorless. Ile ya zamani ya Kimutai ina kioo ndani kinachoruka kila ukipiga, ndiyo maana inatoa ule mlio. Hizi hazina. Ni nyepesi, ni kimya, hata padre hatajua umempiga.

Ile kubwa ni nzuri, lakini ni mtumba, na mtumba una siri zake. Betri yake inadumu. Kile kitundu cha jicho, ukichungulia, unaona televisheni ndogo, si kitu chenyewe. Ile ndogo inafuata uso wa mtu yenyewe na ina garanti, ila betri inaisha upesi, na kwenye jua kali skrini haionekani vizuri. Kila moja ina yake. Usikimbilie. Bei za hivi vitu hushuka ukingoja. Nitaenda dukani mwenyewe, niombe kuzishika zote mbili, nipige picha moja moja mahali pamoja, nizichapishe, nikutumie. Uchague kwa macho yako.

Kamera ya Kimutai bado iko kwa fundi. Shata, lile pazia dogo la ndani, imekwama na kipuri kinatoka nje. Memori kadi nayo inakataa kusomeka, lakini fundi ana programu ya kuvuta picha. Anasema tuwe na subira.

Mungu awalinde,
Kipyegon


Olenguruone,
12 Mei 2024

Shemeji,

Barua yako ilifika ikiwa na tope, lakini ilifika. Tumeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya Kogo, ambaye amekataa kitambaa cha sufu na kusema wewe ndiye ujifunge. Mvua haijakatika. Barabara ya kuelekea mashamba ya chai imekuwa uji. Ndama Nakuru amepona kuhara. Nimempa Jamleck gunia la viazi, nusu ni yako, nusu mpelekee huyo fundi na umwambie vimetoka kwa mke wa mwenye kamera. Labda akila atakumbuka.

Asante kwa maelezo. Nimeyafikiria nikikamua. Nina maswali machache. Kwenye ile kubwa, mtu mwenye miwani anaweza kuweka jicho? Na ile ndogo, nikiwa nje saa sita mchana kwenye harusi, nitajuaje kama bibi harusi amefumba macho? Kimutai alikuwa akisema mpiga picha asiyeona macho ya watu anapiga nguo tu.

Ninauliza kwa sababu kazi ya kwanza nimepata. Ni Fancy, nesi wa zahanati. Anaolewa tarehe tatu Agosti. Alikuwa ameongea na Kimutai kabla hajaugua, na wiki jana akanifuata shambani akiwa amevaa gambuti, akaniambia, "Mathe, mimi bado nangoja studio yenu. Usinipeleke kwa mtu mwingine." Nililia baadaye, si mbele yake. Kwa hivyo tafadhali, kabla ya Julai niwe nimejua.

Na kadi, shemeji. Chesang ananiuliza kila Ijumaa lori likirudi. Ameanza kusema hakumbuki baba alicheka na meno ya juu au yote.

Sally


Nakuru,
30 Juni 2024

Shemeji,

Hamjambo wote? Huku ni sawa. Naandika haraka, Jamleck yuko hapa anapiga honi.

Ndani ya bahasha kuna picha mbili. Nyuma nimeandika KUBWA na NDOGO. Nilizipiga siku moja, kutoka mahali pamoja, ukingo wa mlima Menengai, mbingu ikiwa safi kabisa. Muuza duka alinikubalia kwa saa moja. Ziangalie rangi. Mimi kwa maoni yangu utosheke na ile ndogo, inafaa mkono wa mama. Lakini si lazima iwe mwaka huu. Jifunze kwanza.

Halafu ile harusi ya Fancy, watu wa bwana harusi wamenipigia. Nimeona nikusaidie. Nitakuja kuipiga mimi na kamera ya rafiki, na nitawaambia ni kazi ya studio ya Kimutai. Jina lisipotee. Wewe pumzika, kufiwa si mchezo.

Fundi bado.

Kipyegon


Olenguruone,
21 Julai 2024

Kipyegon,

Sote tuko salama. Kogo anatembea. Viazi vya pili vimepandwa.

Nilipopata picha zako nilifurahi, hata nikapangusa meza kwanza. Nilizilaza karibu na dirisha kama tulivyokuwa tukifanya na Kimutai kabla ya kuzikata. Nikamwita Chesang tulinganishe pamoja. Tuliangalia rangi ya majani, tukaangalia mstari wa mlima, hatukuona tofauti. Nikamwambia labda macho yangu yamezeeka. Chesang akasema, "Mama, kuna inzi."

Alikuwa ameweka kidole mbinguni, pembe ya juu upande wa kulia, kwenye ile ya KUBWA. Nilipangusa na kanga, halikutoka. Nikachukua ile ya NDOGO. Lilikuwa hapo hapo. Doa dogo la kijivu lenye mkia, kama mbegu ya nyasi. Tuliziweka moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha, na madoa yakalaliana yakawa moja.

Nitakueleza ni nini, kwa sababu Kimutai hakumwambia mtu mwingine yeyote. Mwaka ambao Chesang alizaliwa, tulikuwa tunatoka harusi ya Keringet. Alitaka kubadilisha lenzi barabarani, lori likapita, vumbi likaingia ndani. Yeye kwa wasiwasi akachukua ncha ya shati lake akapangusa ndani kabisa, pale picha inapopokelewa. Kulikuwa na chembe ya mchanga kwenye shati, ikakwaruza. Tulikaa kando ya barabara, nikamwona akiwa karibu kulia, mtu mzima. Tangu siku hiyo kila picha ya kamera ile ina alama hiyo kwenye pembe hiyo. Hakuwa na uwezo wa kununua nyingine. Kwa hivyo alijifunza kuificha. Alikuwa anawasogeza watu mpaka mti, au paa la kanisa, au kofia ya mtu mrefu iingie kwenye ile pembe. Ndiyo hiyo "sogeeni kushoto kidogo." Watu walidhani ni madaha. Wewe hupiga ndani ya kumbi na usiku, pengine hujawahi kuliona. Linajitokeza kwenye mbingu safi, na wewe ulinitafutia mbingu safi kabisa.

Kwa hivyo hukuenda dukani. Hakuna kamera kubwa wala ndogo uliyoishika. Na kamera ya mume wangu haiko kwa fundi.

Sikasiriki kwa sababu ya kamera. Kama ungesema, "Shemeji, niachie nifanyie kazi," ningekupa na mkanda wake niliousuka kwa uzi wa sweta la kijani. Harusi ya Fancy pia chukua, ukishaahidi watu usiwaangushe. Mimi nakuuliza neno moja. Kadi iko wapi?

Sally


Olenguruone,
25 Agosti 2024

Kipyegon,

Jamleck anasema barua ya mwezi uliopita alikupa mkononi, na ukaiweka mfukoni bila kuifungua.

Nilikuona kwenye harusi. Nilikuwa chini ya hema la akina mama, nikigawa chai. Ulipiga vizuri. Ule mkanda wa kijani umeuvua, umeweka mweusi. Fancy alinijia na gauni lake lote akaninong'onezea, "Mathe, kwani tulikukosea nini ukatukataa?" Nikajua uliwaambia nimekataa. Nikamjibu kwamba nilikuwa na homa. Ulipita kando ya ua wetu ukienda na ukirudi, na Kogo alikuwa ameweka chupa ya maziwa ya mursik mezani tangu asubuhi. Aliifunika na sahani mpaka jioni, kisha akasema labda gari halikusimama.

Bado nauliza hilo neno moja.

Sally


Nakuru,
29 Septemba 2024

Mama Chesang,

Nimeandika hii mara nyingi nikararua.

Kamera haikuharibika. Nilipoichukua nilitaka kuitumia wiki moja tu. Yangu ilikuwa imeibwa Novemba na sikumwambia mtu, hata Kimutai, kwa sababu angenipa yake na yeye alikuwa mgonjwa. Jumamosi baada ya mazishi nilikuwa na harusi Naivasha. Katikati ya kanisa kadi ikaandika imejaa. Bibi harusi alikuwa ameshafika mlangoni. Sikuwa na kadi nyingine. Nikafuta yote. Sikuangalia kulikuwa na nini. Niliwaza ni picha za ng'ombe.

Baadaye wewe ukaandika kuhusu hiyo picha. Nilienda kwa fundi kweli, wa kweli, akajaribu. Nilikuwa nimeshapiga harusi nne juu yake. Haikupatikana hata moja.

Kwa nini sikusema? Niliona ukinunua kamera yako utakuja kuidai ile, na utadai kadi. Tena ukifungua studio, kazi zote za huko juu zitarudi kwako, watu wanalijua jina. Ukingoja, na mimi napata nafasi. Hiyo ndiyo kweli, hata kama ni mbaya.

Lakini na wewe nielewe. Ni mimi nilimbebea ndugu yangu stendi ya kamera miaka mingi kabla hujaolewa. Na picha ni picha tu, shemeji. Kimutai tunaye moyoni.

Nitaleta kamera siku ya ukumbusho. Ninaomba kitu kimoja, usimwambie Kogo.

Kipyegon


Olenguruone,
15 Desemba 2024

Kipyegon,

Natumai ulifika salama na gari halikukwama kwenye tope la daraja. Kogo amelala vizuri tangu siku ile ya ukumbusho. Ndama Nakuru ameachishwa maziwa na sasa analalamika kwa niaba yenu wote wawili, wewe na mji.

Ulipokuwa hapa hatukuzungumza, kulikuwa na watu na sufuria. Kwa hivyo nakuandikia yale ambayo ungeniuliza kama ungeniuliza.

Barua yako ya Septemba niliificha ndani ya unga wiki tatu kabla sijamwambia Chesang. Alisikiliza, akaniuliza tu, "Kwa hivyo ilikuwa picha ya ng'ombe?" Hajaniuliza tena lori linaporudi. Hilo ndilo sijaweza kulimeza.

Oktoba nilikuja Nakuru. Sikukupigia. Nilikuja na Trizah, tukaingia dukani, na msichana wa pale, anaitwa Edinah, akaziweka kamera zote mbili kwenye kaunta bila shida yoyote. Haikuchukua hata hiyo saa moja uliyosema ulipewa. Nilitoka nazo nje kwenye jua, moja baada ya nyingine, yeye akisimama mlangoni ananicheka: "Mama, usinitoroke nayo." Ile ndogo ni kweli inafuata uso yenyewe, inakimbiza kiboksi cha kijani kama kuku. Ni kamera nzuri. Ulisema kweli pia kwamba kwenye jua skrini haionekani, niliona sura yangu tu. Ile kubwa ina uzito wa mkono wa mtoto. Niliweka jicho kwenye kitundu, nikaona barabara yote imekuwa ndogo na tulivu. Nikamgeukia Trizah, nikamwona vizuri, lakini yeye akaniambia hanioni, uso wangu wote umefunikwa. Nikasema hiyo hiyo. Tutakuwa na ukumbusho, na mimi ndiye nitakayepiga, na sitaki watu wanione.

Kuhusu picha ya jiwe. Unaikumbuka katoni iliyokuwa chini ya kitanda cha studio, ya picha ambazo watu walikataa? Waliofumba macho, waliokatwa miguu, zote aliziweka, alisema siku moja mtu atazirudia. Niliipitia yote Novemba. Karibu na mwisho nikapata gari la harusi lenye utepe, jeusi, limeoshwa likang'aa. Wenyewe waliikataa kwa sababu mlangoni mwa gari, kama kwenye kioo, anaonekana mpiga picha. Amepiga goti kwenye matope, kiwiko nje, koti lile la kahawia lililokatika kifungo. Uso hauonekani. Kamera imeufunika wote isipokuwa kidevu. Na juu kulia hakuna doa, kuna tawi la mkaratusi, aliliweka pale makusudi.

Mwashi aliuliza mara mbili kama nina uhakika. Siku ile mliposimama kaburini nilisikia watu wakinong'ona, kwa nini tumeweka mtu asiye na uso. Ni Kogo aliyewajibu. Alisema, "Mimi nimemzaa, na ndivyo alivyoniangalia miaka yote hii. Nyamazeni."

Sikumwambia, Kipyegon. Lakini si kwa kuwa uliomba. Ameshazika mtoto mmoja, sitaki apoteze wa pili nikiwa hai na naangalia.

Ulinirudishia kamera ikiwa imefungwa na taulo. Nimeifungua. Mkanda wa kijani haumo, na sitaandika tena kuuliza. Chesang ameichukua. Anapiga ndama, na amejifunza kumsogeza mpaka paa la zizi liingie kwenye pembe. Sikumfundisha.

Msimamizi alipoita makundi waje wapigwe picha na jiwe, walikuja majirani, wakaja wa kwaya, wakaja wajukuu. Halafu akaita, "Ndugu wa marehemu." Ukaja wewe peke yako. Ulisimama ukishika kofia. Nilikuwa nimeweka jicho kwenye kitundu na hukuweza kuniona, lakini mimi nilikuona karibu sana, mpaka mshipa wa shingo. Nikasema, "Sogea kushoto kidogo." Kamera hii haina sababu ya kusema hivyo. Nilitaka tu kuona kama utasikia. Ulisogea, na ulipokuwa unasogea uso wako ukakunjika, na hapo ndipo nilipopiga.

Ni picha nzuri kuliko zote nilizopiga siku ile. Unafanana naye kwenye taya. Nimeichapisha, iko ndani ya bahasha hii, imewekwa kati ya kadibodi mbili ili isipinde.

Nimechapisha moja tu. Kisha nikaifuta kwenye kadi. Ukiipoteza, usiandike kuniuliza, maana hakuna mahali nitakapoitoa.

Sally Jepkosgei